Mzaha kwa Aliyevunjika Moyo

Wako wadhanio ya kwamba mtu aliyetoka katika sonona akianza kucheka, uchaji umempungua. Sivyo. Abu Daudi amepokea habari za Abu Umairi, mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik, aliyefiwa na kindege chake. Mtume (rehema na amani zimshukie) alimkuta amehuzunika. Hakumkemea kwa kulilia ndege; alimwita kwa jina la heshima, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari za kindege kwa maneno yenye vina. Mzaha ule haukuificha huzuni, bali uliitaja.

Wenyeji wa Temeke na Kinondoni wanalijua jambo hili kwa utani. Mzaramo akifiwa, mtani huja matangani akaiga mwendo wa marehemu; na mfiwa asiyetia kitu kinywani hucheka, kisha hulia, kisha hula. (Walakini kulizuia jeneza mpaka atolewe fedha, hilo halifai, maiti hacheleweshwi.)

Ama jirani amwitaye mwenziwe kichaa kwa kuwa aliugua sonona, kisha akasema, “Natania,” huyo si mtani. Hiyo ni dhihaka, nayo imekatazwa katika Sura ya Hujurati. Aliyeugua akijicheka mwenyewe, wenziwe na wacheke naye, wasimtangulie. Na siku ambayo halali, hali, wala kicheko hakimjii, asiletewe mzaha. Apelekwe kwa tabibu, kwani Mtume ameamrisha watu wajitibu.