Mkono Mtupu na Fimbo

Mzee mmoja wa kanisa letu, mtu mwenye heshima nyingi hapa Tukuyu, alinisimamisha njiani tulipokuwa tukitoka ibadani, akaniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, tumesikia ya kwamba kila alfajiri wajizoeza kupiga. Tuambie basi, wajizoeza kumpiga nani?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini jibu sikuwa nalo. Nikamwambia, "Simpigi mtu, baba, ni mazoezi ya mwili tu." Akatikisa kichwa, akasema, "Mtu hanoi panga kwa kuwa apenda sauti ya kunoa."

Neno hilo nimekaa nalo tangu masika ya mwaka jana. Naliandika leo, ndugu wasomaji, kwa sababu swali lenyewe si langu peke yangu.

Kwanza yafaa nieleze mambo yalivyo, maana wengi mmeiona karate katika sinema tu, na sinema husema uongo mwingi. Huko mtu mmoja huwaangusha watu ishirini, wala nguo yake haipati kunjo. Mimi ni mwaka wa kumi na moja sasa, na njiani sijampiga hata mtu mmoja. Huondoka kitandani saa 11 alfajiri. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mparachichi, nimesawazisha kiwanja kidogo cha hatua saba kwa tano. Mvua ya Rungwe hukifanya kuwa matope sehemu kubwa ya mwaka, na mwezi wa Juni na Julai ukungu hushuka kutoka mlimani hata siuoni vema mkono wangu mwenyewe ninaounyosha. Hapo husimama, huvuta pumzi, huenda hatua tatu, hurudi hatua tatu. Uko mfuatano wa mapigo na kinga uitwao kata, na mtu huirudia kata moja ile ile kwa miezi, hata kwa miaka, kama mtoto wa darasa la kwanza aandikavyo herufi mpaka iache kulala upande. Tena nimesimika mti ardhini, nikauzungushia kamba ya katani, nao huupiga ngumi hamsini kwa mkono wa kuume na hamsini kwa wa kushoto. Bibi mmoja jirani yangu alipoyaona hayo mara ya kwanza alidhani akili zimeniruka, akaniletea uji. Uji niliunywa. Kisha huoga maji ya baridi, hunywa chai kwa magimbi, nikashika njia ya shule. Jumatano na Jumamosi jioni vijana tisa wa shule huja kiwanjani nami nikawafundisha kidogo nijuacho.

Sanaa hii si ya kwetu. Ilikua katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani, nayo zamani ilifundishwa kwa siri na usiku. Itosu Anko, aliyekuwa karani wa mfalme wa mwisho wa kisiwa hicho, ndiye aliyeiingiza katika shule ya watoto mwaka 1901. Aliwatungia watoto kata nyepesi akaziita Pinan, maana yake amani na utulivu. Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868, alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka kama thelathini, na mwaka 1922 akaipeleka Tokyo. Zamani jina lenyewe liliandikwa kwa herufi zenye maana ya mkono wa China. Wao wakaliandika upya, likawa na maana ya mkono mtupu. Kwetu Tanzania iliota mizizi miaka ya 1970, pale Mmarekani mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alipowafundisha vijana wa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Zanaki, namna ya karate iitwayo Goju-ryu. Namna hiyo iliasisiwa na Miyagi Chojun wa Okinawa, na jina lake lakusanya maneno mawili, ugumu na ulaini. Mimi niliipata chuoni kwa mtu aliyeipata kwa wengine, nikaja nayo huku milimani kama mtu aletaye mche wa pwani asijue kama utashika.

Jambo moja lilinipendeza tangu siku ya kwanza. Mazoezi huanza kwa kuinamiana na huisha kwa kuinamiana. Sisi Wanyakyusa hatulioni jambo hilo kuwa geni, maana mama zetu huchutama wanapomwamkia mtu mzima, na kijana asiyejua kuamkia huhesabiwa kuwa hakulelewa. Jambo la pili ni kanuni ambayo Funakoshi aliwasisitizia wanafunzi wake, ya kwamba katika karate hakuna pigo la kwanza. Mkono hujifunza kupiga, lakini hauanzi.

Basi nalimjibu yule mzee moyoni mwangu hivi: Mtu dhaifu akipigwa shavu akanyamaza, nani ajuaye kama amesamehe au ameogopa? Hata mwenyewe hajui. Lakini mtu awezaye kurudisha pigo, asirudishe, huyo amechagua. Kwa hiyo, nikajiambia, najifunza kupiga ili kutokupiga kwangu kuwe na maana.

Nilipendezwa na jibu hilo kwa muda wa juma zima. Kisha nikalitazama upande wa pili, nikaona lina harufu ya kujisifu. Likiwa kweli, basi msamaha ni mali ya wenye nguvu, na wanyonge hawawezi kuununua. Bibi yangu mzaa baba alinyang'anywa shamba la migomba na shemeji zake alipofiwa na mume. Hakuwa na ngumi, wala mkanda wa rangi yo yote. Shemeji hao walipougua aliwapelekea ndizi na maziwa ya mgando, mmoja baada ya mwingine, mpaka akawazika. Mtu aniambie kwamba yeye aliogopa! Kwa hiyo jibu langu la kwanza nililitupa, nikabaki na swali la mzee kama lilivyokuwa.

Lililonijibu lilitokea shuleni, nami nalieleza kwa aibu.

Katika wale vijana tisa yumo mmoja wa darasa la sita, mpole, mwepesi wa miguu. Asubuhi moja alichelewa kufika, na ilikuwa mara ya tatu kwa juma hilo. Nilimwita mbele ya darasa. Sikumwuliza sababu, baadaye nilisikia kwamba mama yake alikuwa na homa, naye ndiye aliyebeba mikungu ya ndizi hadi barabarani kabla lori halijapita. Nikainua fimbo. Mkono wake wa kushoto ukapanda juu ya paji la uso, kiwiko kimekunjwa barabara, sawasawa kama nilivyomfundisha Jumatano. Fimbo ikaangukia mfupa. Kinga ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizopata kuzifanya kiwanjani. Akashtuka, si kwa maumivu, bali kwa kuona kwamba amemzuia mwalimu wake. Akaushusha mkono upesi, akaniinamia kama tuinamianavyo kiwanjani, akakaa hali ile ile akingoja pigo la pili.

Nalilipiga. Nililipiga kwa sababu darasa lilikuwa likitazama.

Usiku ule sikulala vema. Nilitafuta njia ya kujitetea, na njia zilikuwa nyingi. Nilijiambia kwamba mimi mwenyewe nimepigwa sana. Katika Goju-ryu iko kata iitwayo Sanchin, ambayo mwanafunzi husimama imara akivuta pumzi, na mwalimu humzunguka akimpiga mabega na mapaja kwa viganja ili apime kama amesimama kweli. Nimepigwa hivyo mpaka ngozi ikawa nyekundu, nikashukuru. Kwa nini basi mtoto asishukuru? Lakini nilipozidi kufikiri niliona kwamba maumivu siyo yanayoyatenganisha mambo haya mawili. Mimi nilikwenda mwenyewe kusimama pale. Niliinama nikijua lijalo. Ningalisema neno moja mwalimu wangu angaliacha. Tena tuliposimama wawili wawili, yeye na mimi, ngumi yangu ilikuwa na ruhusa ya kumfikia kama yake ilivyokuwa na ruhusa ya kunifikia mimi. Yule mtoto hakuwa na hata moja katika hayo. Mkono wake ulipojikinga, alihesabu kuwa ni kosa.

Na kuchelewa si pigo. Hakunipiga kwa kuchelewa. Kwa hiyo, kwa kanuni ile niliyojisifia miaka kumi na moja, pigo la kwanza lilikuwa langu. Watu wazima wa njiani niliwaacha salama, kwa kuwa kwao kanuni ni rahisi: mtu mzima aweza kurudisha, na hofu ya kurudishiwa husaidia sana kushika kanuni. Mahali ambapo hakuna awezaye kurudisha, pale nilikuwa nikipiga mara tatu au nne kwa juma, wala sikuwahi kupahesabu.

Siandiki kuwahukumu walimu wenzangu. Najua madarasa yetu yalivyojaa. Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari kuliko mimi, aliniambia, "Samaki mkunje angali mbichi." Nikamwambia kwamba amkunjaye samaki hampigi, humkunja polepole kwa mikono miwili, asije akavunjika. Alicheka, akasema hayo ni maneno ya mtu asiyefundisha darasa la saba. Huenda ni kweli. Lakini kanuni za serikali za mwaka 2002 ziliagiza kwamba kiboko kitolewe na mkuu wa shule, au na mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, kisizidi mara nne, tena kiandikwe kitabuni. Mimi sikuwa na maandishi yo yote, wala sikuandika. Mwaka 2016 nchi nzima ilitazama katika simu picha za walimu waliokuwa mafunzoni wakimpiga kijana wa sekondari mjini Mbeya, si mbali na sisi. Mwaka 2018 huko Bukoba mtoto wa shule ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu wake, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Sidhani kwamba aliamka asubuhi ile akikusudia kuua. Aliinua fimbo, kama nilivyoinua mimi.

Kuna habari moja ya Funakoshi ambayo zamani niliipita haraka nilipoisoma. Baada ya vita kuu ya pili, Japani ikiwa imeteketea na watu wana njaa, yeye akiwa mzee sana, mtu alimvamia usiku njiani ili amnyang'anye. Mtu yule akainua mwavuli ampige nao. Mzee akainama chini yake, akamshika mahali ambapo mwanamume huumia mno, mpaka askari akafika. Mtu mwingine angalisimulia habari hiyo kwa kujisifu maisha yake yote. Yeye aliieleza kwa huzuni: aliona kwamba yule mwizi pengine alikuwa askari aliyerudi vitani hana kitu, na kwamba yeye mwenyewe ametenda lile alilowakataza vijana wake kila siku. Zamani nilidhani mzee alizidisha. Mwizi ndiye aliyeinua mkono kwanza, kosa liko wapi? Sasa naona kwamba yeye alijipima kwa kipimo kilichomhusu, nami nilikuwa nikitumia kanuni ile ile kujipatia sifa.

Nilimwendea mkuu wa shule nikamweleza yote, kisha fimbo nikaiacha ofisini. Nisiwadanganye, wasomaji: darasa halikutulia kwa hilo. Wavulana wawili waliona nafasi, wakazidi ukaidi, na hata leo kuwatuliza hunichosha kuliko ngumi mia za alfajiri. Mzazi mmoja alikuja kunilaumu kwamba nimewaacha watoto waharibike, tena akaniletea fimbo ya mkahawa, imechongwa vizuri. Yule kijana naye aliacha kuja kiwanjani.

Ndipo nilipokwenda nyumbani kwa yule mzee wa kanisa. Nikamwambia, "Baba, uliniuliza ninajizoeza kumpiga nani. Nimekuja na jibu." Nikamsimulia. Alinyamaza kitambo kirefu, akachokoa moto. Mwisho akasema kwamba yeye amezaa wana sita, akawapiga wote kwa fimbo moja, na wa pili yuko Tunduma, safari ya nusu siku tu, lakini hajakanyaga nyumbani miaka kumi na minane. Hakuongeza neno juu ya hilo. Kisha akaniuliza, "Na huyo mtoto, umemwomba radhi?"

Nikasema bado. Nilimweleza kwamba sijui kama yafaa mwalimu kumwomba mtoto radhi. Kwetu mkubwa hulipa kosa lake kwa njia ya kuzunguka, humpa mtoto kalamu au kipande cha nyama, na mtoto huelewa. Akaniambia, "Hiyo ndiyo njia niliyoitumia mimi."

Nilikwenda jioni ile ile. Mama wa kijana alipoona mwalimu amefika mlangoni alishikwa na hofu, akachutama kuniamkia, akaanza kumwombea mtoto wake msamaha kabla sijafungua kinywa. Nilimwomba aketi. Nikamwita kijana, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba nilikosa kumpiga, na kwamba mkono wake ulipojikinga haukukosa. Alitazama chini, hakujibu kitu. Mama akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, usinizoeshee mtoto maneno hayo." Nikaaga, nikarudi gizani nisijue kama nimejenga au nimebomoa.

Jumatano walikuja vijana wanane. Jumamosi wakaja tisa, naye amesimama nyuma, mahali pake pa siku zote. Anafanya bidii. Lakini ile kinga ya juu bado humchelewa kidogo, nami sijapata namna ya kumwambia ni siku gani aliifanya vizuri.