Kazi Ipewe Jina Lake

Ibada ya Jumapili ikiisha katika sharika za Singida Mjini, waumini hawatawanyiki mara moja. Hukusanyika nje kwa ajili ya mnada wa sadaka za mazao: kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, debe la mahindi, ndoo ya alizeti, kikapu cha mayai. Ukiitazama mikono iliyoleta vitu hivyo, iliyofagia uwanja kabla jua halijachomoza na iliyowapikia chai wanakwaya, utakuta mingi ni ya wanawake. Ukigeuka ukawatazama wanaoongoza mnada, wanaokaa vikao vya halmashauri na wanaosimama madhabahuni, hesabu inageuka pia. Watu wengi wamelizoea jambo hili kiasi kwamba hawalioni tena. Mimi naliona, na linanisumbua. Mjadala kuhusu wanawake katika utumishi huanza kwa kuuliza kama mwanamke anaweza kulitumikia kanisa. Swali hilo limepitwa na wakati, kwa sababu analitumikia kila siku, na kanisa lisingesimama bila yeye. Swali la haki ni kwa nini kazi anayoifanya haipewi jina lake, na pamoja na jina hilo, kura na malipo yanayostahili.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili hakina neno moja la mchungaji wa kiume na jingine la mchungaji wa kike. Mchungaji ni mchungaji, askofu ni askofu, mwinjilisti ni mwinjilisti. Lugha ilituachia mlango wazi, nasi tukaupachika komeo kwa mazoea. Sikiliza watu wanapotaja "mama mchungaji". Kila msikilizaji anaelewa kuwa anayetajwa ni mke wa mchungaji. Mama huyo hupokea wageni, hupatanisha ndoa zinazovunjika, huwakalisha wasichana na kuwafundisha maadili, huongoza maombi ya wanawake na hukaa na wafiwa hadi matanga yaishe. Hiyo yote ni kazi ya kichungaji. Ila hana barua ya uteuzi wala posho, na mumewe akifariki au akihamishwa, cheo hicho huondoka naye. Sasa mwanamke aliyesoma theolojia na kuwekewa mikono anapopangiwa usharika, jina lake limekwisha kuchukuliwa. Watu hulazimika kumwita "mchungaji mwanamke", kana kwamba uchungaji wake unahitaji maelezo ya ziada. Mume wake ndiye kabisa hana jina, maana "baba mchungaji" tayari ni mchungaji mwenyewe. Lugha inatuonyesha tulimpangia mwanamke kiti gani: pembeni ya huduma, huku mzigo wote wa huduma ukiwa kichwani mwake.

Historia ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lenye mizizi mirefu hapa Singida tangu enzi za wamisionari, inaonyesha kwamba mambo hubadilika, lakini kwa mwendo wa kusuasua. KKKT iliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Baada ya mjadala wa miaka mingi, mwaka 1990 iliridhia wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1991. Baadhi ya dayosisi zilitangulia, nyingine zikajivuta. Mtoto wa kike aliyebatizwa mwaka ule leo ni mtu mzima, pengine naye anawapeleka wanawe kipaimara. Hata hivyo, ukiwahesabu walioshika nafasi ya Mkuu wa Kanisa tangu mwanzo, unapata Stefano Moshi, Sebastian Kolowa, Samson Mushemba, Alex Malasusa na Fredrick Shoo, kisha Malasusa tena. Sina neno juu ya utumishi wao. Ninachosema ni kwamba mlango wa madhabahu ukifunguliwa, mlango wa kikao haufunguki wenyewe. Jirani zetu Waanglikana wa Kenya walionyesha mwaka 1983 kuwa mwanamke anaweza kuwa kasisi, lakini ilichukua hadi 2021 kwa Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno kuwa askofu wa Butere. Kati ya kasisi wa kwanza na askofu wa kwanza ilipita miaka 38.

Wapo wanaosema kuchelewa huko ni busara, kwamba kanisa halipaswi kukimbizana na dunia. Nawaomba waitazame Makiungu, wilayani Ikungi, hospitali ambayo watu wa mkoa huu wanaifahamu kwa vizazi. Ilianzishwa miaka ya 1950 na masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary. Shirika hilo nusura lisizaliwe. Mwanzilishi wake, Mwairishi Marie Martin, alitaka masista wawazalishe akina mama, lakini kanuni za Roma za wakati huo hazikuruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Ilionekana haifai kwa mtu aliyeweka nadhiri ya useja kushughulika na uzazi. Wakati sheria ikisimama hivyo, akina mama waliendelea kufa wakijifungua. Mwaka 1936 Roma iliondoa katazo hilo, na mwaka uliofuata Marie Martin akaanzisha shirika lake huko Nigeria. Baadaye masista wake wakafika kwenye vichaka na mawe ya Unyaturu. Leo hakuna Mkristo hapa Singida anayeweza kusema kwamba sista mkunga anavunja utaratibu wa Mungu. Jambo lililokatazwa kwa jina la heshima ya utawa limekuwa ndiyo heshima yake. Kila anayetetea katazo kwa sababu tu ni la siku nyingi ajiulize ni watoto wangapi wangekosa kuzaliwa salama Makiungu kama katazo lile lingeachwa hadi leo.

Hoja nzito zaidi ni ya Maandiko, na haifai kuipita juujuu. Katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya pili, mwandishi hamruhusu mwanamke kufundisha wala kumtawala mwanamume. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, wanawake wanaambiwa wanyamaze katika kanisa. Anayeheshimu Biblia hawezi kuyafuta maneno hayo. Lakini anayeiheshimu haruki pia mistari iliyo jirani. Sura ileile ya Timotheo inawakataza wanawake kusuka nywele na kuvaa dhahabu, na bado kila Jumapili wanakwaya waliosuka vizuri na kuvaa hereni wanaimba mbele yetu bila kufukuzwa na mzee yeyote. Tumekubali kwamba agizo lile lilihusu mahali na wakati wake. Kwa haki gani basi tunauchukulia mstari mmoja kuwa wa wakati ule, na unaoufuata kuwa wa milele? Paulo huyohuyo, sura tatu kabla ya kuwanyamazisha wanawake wa Korintho, anawaelekeza wafunike vichwa wanaposali na kutoa unabii mbele ya kusanyiko. Mtu hawezi kutoa unabii akiwa amenyamaza. Ni wazi kwamba katazo lile lilikuwa na sababu yake katika fujo za kusanyiko lile, na wanawake wenye karama waliendelea kusikika.

Kisha kuna sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, ambayo wengi huiruka kwa kuwa imejaa majina. Wa kwanza kutajwa ni Fibi wa Kenkrea. Paulo anamwita kwa neno la Kigiriki ambalo katika salamu za Wafilipi Biblia yetu ya Kiswahili imelitafsiri "mashemasi". Kwa Fibi limeandikwa "mhudumu". Tafsiri hiyo si kosa, kwani hata Paulo anaitwa hivyo kwingineko. Lakini mhudumu, kwa masikio yetu ya leo, ni mtu anayeleta chai hotelini au anayepanga viti ukumbini, na hivyo ndivyo Fibi anavyopita mbele ya waumini bila kutambuliwa. Mistari michache mbele yupo Yunia, aliyetajwa na mwenzake Androniko kuwa mashuhuri miongoni mwa mitume. Yohane Krisostomo, mhubiri mkubwa wa karne ya nne ambaye hakuna anayeweza kumwita mwanaharakati, alistaajabia hekima ya mwanamke huyo iliyomstahilisha kuhesabiwa pamoja na mitume. Hivyo kanisa la kwanza lilifanya kile ninachokidai: liliitazama kazi, likaitaja kwa jina lake.

Wengine husema Yesu alichagua wanaume kumi na wawili, na hilo linatosha. Ni kweli walikuwa wanaume. Walikuwa pia Wayahudi wote. Hapakuwa na Mnyaturu, Mnyiramba wala Msukuma kati yao, na bado hakuna anayesema kwamba Mnyaturu hafai kuwa mchungaji au padri. Tukisema rangi na kabila la mitume havikuwa sharti, lazima tueleze ni kwa nini jinsia yao iwe sharti. Na asubuhi ya ufufuko, Injili ya Yohana inasema aliyetumwa kuwapelekea mitume habari ni Maria Magdalena. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa ujumbe ambao bila huo hakuna mahubiri yoyote. Tukumbuke pia kwamba maneno "bado hawajawa tayari" waliwahi kuambiwa Waafrika wote, wanaume kwa wanawake, wakati uongozi wa makanisa ulipokuwa mikononi mwa wageni. Wazee wetu waliyakataa. Ingekuwa aibu sisi tuyaokote na kuwaambia mabinti zetu.

Kuna wanaokimbilia mila, wakisema mwanamke wa Kiafrika haongozi wanaume. Hapa Singida hoja hiyo inakutana na uwanja wa mpira. Uwanja wa mji wetu unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu, Liti Kidanka, aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Simulizi husema alitumia nyuki kama silaha. Wanaume wa leo hushangilia mabao kwenye uwanja wenye jina lake, kisha baadhi yao huingia kwenye kikao cha kanisa na kusema uongozi wa mwanamke ni mambo ya kigeni. Mkoa huuhuu ulimzaa Anna Mghwira, aliyesomea theolojia na sheria, akawa mwanamke pekee kati ya wagombea wanane wa urais mwaka 2015, na baadaye mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro hadi mwaka 2021 alipomaliza utumishi wake na kufariki mwaka huohuo. Taifa lilimpa nafasi ya kuongoza maelfu. Binti wa Singida mwenye kipaji kama chake anapolitazama kanisa, aone nini?

Najua hali si moja katika madhehebu yote, na siandiki ili kuwafundisha Wakatoliki au Wasabato imani yao. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba kanisa lake halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadri. Lakini hata ndani ya mpaka huo, uongozi umepanuka. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliruhusu wanawake wapewe rasmi huduma za usomaji na za altare, na Januari 2025 alimteua sista Simona Brambilla, aliyewahi kuwa mmisionari Msumbiji, kuongoza idara ya Vatikano inayosimamia mashirika ya watawa. Wasabato nao, kwenye mkutano wao mkuu wa mwaka 2015 huko San Antonio, walikataa kwa kura 1,381 dhidi ya 977 kuziruhusu kanda zao kuwawekea wanawake mikono. Kanisa lao, hata hivyo, lilianzishwa mwaka 1863 huku Ellen White akiwa mmoja wa waasisi, na maandishi yake yanasomwa hadi leo. Jambo hilohilo linajirudia: kazi ya mwanamke inapokelewa, jina ndilo linalocheleweshwa. Na tusidhani njia huenda mbele tu. Kanisa la Kilutheri la Latvia lilifunga kisheria mlango wa wachungaji wanawake mwaka 2016. Haki isiyolindwa inaweza kurudi ilikotoka.

Sidai kwamba wanawake ni wema kuliko wanaume au kwamba hawatakosea. Watakosea, kama wanaume wanavyokosea, na wawajibishwe vivyo hivyo. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki haimtaki mtu awe malaika kwanza. Hapa kwetu inaweza kuanza na mambo madogo. Uchaguzi wa wazee wa kanisa ukifika, majina ya wanawake yasiishie kwenye kamati ya chakula na usafi, yafike kwenye fedha na majengo. Usharika unaompeleka kijana wa kiume chuoni umtafute na binti mwenye wito, umlipie ada ileile. Mke wa mchungaji anayefanya kazi ya kichungaji apewe mafunzo na posho, au aachwe apumzike. Na mchungaji mwanamke asipelekwe pembezoni kwa sababu tu mjini watu "hawajamzoea", kwa kuwa hakuna namna ya kumzoea mtu usiyemwona. Siku mtu wa Singida akisikia "mama mchungaji amefika" na akalazimika kuuliza kama ni mke wa mchungaji au ni mchungaji mwenyewe, tutakuwa tumefika nusu ya safari. Nusu iliyobaki tutaimaliza siku atakaposikia "mchungaji amefika", akaenda kumpokea bila kuuliza lolote.