Mwimbaji na Sharti Alilojiwekea

Husemwa kuwa mwimbaji ni ulimi wa watu: aliyemwita ndiye mwenye neno, na yeye ndiye mwenye sauti. Kauli hii ni nyepesi, na wengi wameiegemea, lakini ikichunguzwa haisimami.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Wakurya wana ala yao iitwayo litungu, nayo ni bakuli la mti lililowambwa ngozi na kutiwa nyuzi nane. (Hukumu ya ala za nyuzi ina mlango wake katika vitabu vya fikihi, wala si hapa.) Unapofika msimu wa tohara, na aghalabu huwa mwezi wa Desemba, waliotahiriwa husindikizwa kwa nyimbo na ngoma, na miongoni mwao wamo wasichana. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kuwakata walio chini ya miaka 18, lakini sheria haina wimbo, na ada inao. Msichana akatàye huimbwa kwa dhihaka hata akajiona si mtu. Wako waliotoroka usiku, na tangu mwaka 2014 iko nyumba mjini Mugumu, Serengeti, inayowapokea.

Sasa mpiga litungu anaitwa kwenye sherehe hiyo, na ujira umekwisha tajwa, naye ana watoto wanaotaka kula. Asiyejiwekea sharti kabla ya siku ile, sharti lake litakuwa ni ule ujira. Kwani fedha ikiwa mbele ya macho, akili hutafuta hoja za kuifuata. Atasema, "Mimi sikushika kisu." Ni kweli, hakukishika. Lakini kisu kimewakata wa mwaka huu, na wimbo unawaita wa msimu ujao.

Pengine msomaji wa pwani atataja khitilafu ya wanavyuoni katika tohara ya wanawake. Khitilafu ipo, lakini haliulizwi hilo hapa. Hapa pana mtoto anayekimbia gizani, na mtu anayelipwa kumcheka. Na kucheka watu kwa dhihaka kumekatazwa wazi katika Suratul Hujurati.

Mwana Kupona binti Msham alipotunga utenzi wake mwaka 1858, hali ya kuwa mgonjwa, alijua anamtungia nani: binti yake. Mtu aweza kuukubali au kuukataa wasia ule, lakini hawezi kusema kuwa mtungaji hakujua maneno yake yatamfikia nani. Mpiga litungu naye na aanzie hapo. Mzee aliyeketi mbele na fedha zake anamsikia. Na msichana aliyejificha nyuma ya ukuta anamsikia pia, tena yeye ndiye asikiaye jina lake.

Atakayelishika sharti hili ataitwa mara chache, na huenda akaambiwa amewaasi wazee. Zitambakia nyimbo za arusi na za kusifu ng'ombe, nazo si haba.

Na pwani nako wako watungao mashairi ya arusi kwa ujira, wakamtia ndani yake mke aliyeachwa, watu wapate kucheka. Wakiulizwa, hujibu kuwa wameagizwa.