Damu au Ubatizo? Neno Kutoka Mji wa Toledo



Katika nchi ya Hispania uko mji mkongwe uitwao Toledo. Umejengwa juu ya kilima cha mawe, na mto Tagus wauzunguka pande tatu. Waroma walikaa humo, kisha Wavisigothi, kisha Waislamu, kisha wafalme Wakristu wa Castilia. Twataka kuwasimulieni habari zake, kwa kuwa mji huo uliulizwa swali moja zito ambalo labisha hodi hata katika nyumba zetu: Mkristu ni nani? Ni mtu wa damu fulani, au ni yule aliyezaliwa kwa maji na Roho Mtakatifu?

Mwanzo wake ulikuwa mwema. Wavisigothi walikuwa wageni waliowatawala wenyeji, nao waliushika uzushi wa Ario, hali wenyeji walikuwa Wakatoliki. Mwaka 589, katika Mtaguso wa Tatu wa Toledo, mfalme Recared aliungama imani katoliki mbele ya maaskofu. Hivyo mtawala na mtawaliwa, waliokuwa mataifa mawili, wakaungana katika sala moja.

Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini, na Toledo ikaingia mikononi mwao. Wakristu wa mji hawakuwa tena na mfalme wa kuwatetea. Walijifunza Kiarabu, wakaishi na majirani wao Waislamu na Wayahudi, lakini hawakuacha kuwafundisha watoto wao sala za mababu. Mfalme Alfonso VI alipouingia mji mwaka 1085, baada ya miaka zaidi ya 370, aliwakuta wangali Wakristu. Ibada yao, iitwayo ya Wamozarabu, yaadhimishwa hata leo katika kanisa kuu la Toledo. Enyi wazazi, angalieni basi kazi iliyofanywa na akina baba na akina mama wasiojulikana majina yao!

Lakini yako mengine ambayo hatuwezi kuyasoma bila huzuni. Mwaka 1391 Wayahudi wa Toledo, kama wenzao wa miji mingine mingi ya Hispania, walishambuliwa na kuuawa, na wengi wakabatizwa kwa kuogopa upanga. Tuseme wazi kwamba hiyo ilikuwa dhambi, kwani imani haishurutishwi. Hata hivyo watoto na wajukuu wa waongofu hao walikulia ndani ya Kanisa. Je, walipokewa kama ndugu? La. Waliitwa Wakristu Wapya, na wenzao wakajisifu kuwa Wakristu wa Kale.

Mwaka 1449 serikali ya mfalme ilidai fedha nyingi kwa mji. Watu waliwaka hasira, wakazichoma nyumba za waongofu, kwani mmoja wao alikuwa mtoza fedha hizo. Kisha viongozi wa maasi, chini ya Pedro Sarmiento, wakatunga sheria kwamba mtu wa ukoo wa Kiyahudi, ajapokuwa amebatizwa, asishike cheo katika mji wala asitoe ushahidi. Mwaka ule ule Baba Mtakatifu Nikolasi V aliilaani sheria hiyo, akafundisha kwamba waamini wote ni mwili mmoja. Maneno yake hayakutosha kuiponya mioyo. Mwaka 1547 kanisa kuu lenyewe la Toledo lilijiwekea sheria ya namna ile ile, nayo ikapata kibali cha wakubwa wa Kanisa na wa dola.

Sasa sikilizeni jinsi Mwenyezi Mungu alivyojibu. Alikuwako Toledo mfanyabiashara wa nguo, Juan Sánchez, mwongofu wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1485 alikiri mbele ya Baraza la Uchunguzi wa Imani kwamba alikuwa amezirudia desturi za Kiyahudi. Alihukumiwa kutembea Ijumaa saba katika makanisa ya mji, amevikwa vazi la aibu. Baadaye akahamia mji wa Ávila. Huko, mwaka 1515, mwanawe alipata binti, akaitwa Teresa.

Huyo ndiye Mtakatifu Teresa wa Yesu. Mwaka 1569 alifika Toledo kuanzisha nyumba ya watawa kwa mali aliyoiacha mfanyabiashara Martín Ramírez. Wakuu wa mji walinung'unika kwamba mtu asiye wa ukoo bora apewe heshima ya kuzikwa katika kanisa la nyumba hiyo. Teresa hakuwasikiliza. Tena aliwaonya masista wake wasijivunie nasaba za baba zao. Mwaka 1622 alitangazwa Mtakatifu, na mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mjukuu wa mtu aliyeaibishwa mbele ya altare ndiye afundishaye sasa Kanisa zima kusali.

Wapenzi, tusiwacheke watu wa Toledo. Padre wa kabila jingine aletwapo parokiani, hatusikii minong'ono? Kijana akimleta nyumbani mchumba Mkatoliki, mwenye sifa njema, neno la kwanza la wazazi si kuuliza kabila lake? Na katika kumchagua mwenyekiti wa jumuiya, hatuhesabu kwanza watu wa kwetu? Sheria ya Toledo iliandikwa juu ya karatasi, na ya kwetu huenda imeandikwa moyoni, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuifuta.

Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba ndani ya Kristu hakuna tena kutengana kwa Myahudi na Myunani. Basi jioni ya leo, baada ya sala, baba na mama wawaeleze watoto siku waliyobatizwa na jina la msimamizi wao. Wakijua hayo, watajua ukoo wao wa kwanza. Mtakatifu Teresa atuombee.