Nia Hutiwa Usiku

Siku hizi ushauri ni rahisi kupata kuliko maji. Ukifungua simu unaambiwa uishi kwa nia: amka saa kumi na moja, andika malengo yako, acha kazi inayokumaliza, fuata ndoto. Mimi saa kumi na moja huwa nishaamka kitambo. Hapa Karagita, kando ya barabara ya Moi South Lake, saa hiyo chai imechemka na wanaosubiri basi la shamba la maua washaanza kuuliza kama mandazi yako tayari. Kama kuamka mapema ndiyo nia, basi mtaa wetu mzima ungekuwa wa wanafalsafa.

Swali langu ni hili: mtu ambaye saa zake zimeuzwa anaweza kuishi kwa nia? Ama nia ni ya wenye nafasi?

Aristotle alijibu zamani. Kwake, maisha ya kufikiri yanahitaji wasaa, na kazi ya ujira huinyima akili wasaa huo na kuishusha. Wagiriki waliuita wasaa huo skhole. Neno likapita kwa Walatini, likafika kwa Wajerumani, na Wajerumani wakalileta Tanganyika likawa shule. Yaani ndani ya neno shule mna wasaa. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, watu walinipa pole ya digrii. Kumbe nilichopoteza hasa ni mchana mzima wa kukaa na kitabu bila mtu kuuliza kama kuna supu. Kuandika nako kukakatika hapo.

Kwa hivyo mzee Aristotle ana hoja, na ndiyo maana "penye nia pana njia" hunikera. Mwambie mtu anayekata waridi kutwa nzima wiki zile za kuelekea Valentine. Nia anayo: kodi, karo ya mtoto, ploti siku moja. Waridi alilokata litawekwa kwenye baridi, lipandishwe lori hadi uwanja wa ndege Nairobi, lifike Aalsmeer kule Uholanzi likiwa bado bichi. Yeye huenda mwaka huu hajavuka Gilgil. Njia iko, lakini ni ya waridi.

Halafu namkumbuka Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi, Kenya: Twendapi?, akafungwa. Mashairi aliyoyatunga gerezani hadi 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki, 1973. Saa zangu angalau nimeuza, zake zilichukuliwa. Sitaki kumgeuza fimbo ya kuwachapa waliochoka, kwa sababu hakuna anayepaswa kufungwa ndipo aandike vizuri. Ila anaonyesha kitu ambacho Aristotle hakukipa uzito: wasaa unaweza kunyang'anywa wote, na nia ibaki.

Inabakije? Lugha yetu inajua. Kwa Kiswahili nia hutiwa, kama chumvi. Si hisia inayokujia ukiwa umepumzika, ni tendo. Mfungaji wa Ramadhani hutia nia usiku, kabla ya alfajiri. Mchana yuko sokoni, anabishana na makanga, anasahau hata kwamba amefunga, na saumu yake bado ni saumu. Nia haikai ikimtazama saa zote. Ilishaingia.

Mpishi yeyote analielewa hili. Maharagwe ya kesho hulowekwa leo. Ukiyakumbuka asubuhi umechelewa, na makaa yatakuonyesha. Ukiyaloweka usiku, yanafanya kazi yake wewe ukiwa umelala. Nilirudi kuandika hivyohivyo. Daftari la madeni lina kurasa za nyuma ambazo hakuna anayezisoma. Usiku naweka hapo sentensi moja, moja tu. Kesho yake, nikisukuma chapo, inazunguka kichwani. Jioni ama imelainika, ama naitupa.

Lakini hapa kuna mtego ambao wahubiri wa nia hawautaji. Nikishasema "napika ili niandike," kupika kunageuka daraja tu la kunivusha. Yule mama wa kupanga maua anayekuja na miguu imevimba kwa kusimama, akaagiza chapo mbili na maharagwe, anakuwa nani? Hela ya bando na kalamu. Kant alionya tusimfanye mtu kuwa njia tu ya kufikia letu. Kama kwa shamba yeye ni mikono, na kwangu ni mfuko, basi tofauti yangu na bosi wake ni ndogo mno, hata nikiandika makala tamu kuhusu uchungu wake.

Kwa hiyo nia haiwezi kuwa ya ukurasani peke yake. Sahani nayo inaidai. Maharagwe yaive, chapo isiungue huku mimi nikitafuta neno, na akikosa hela leo aandikwe kwa daftari lilelile bila kuaibishwa. Penye nia pana njia, sawa, lakini nia nzuri pia hukataa njia zingine, zile zinazopita juu ya watu.

Hilo halimalizi deni. Ningepata wasaa zaidi ningeandika zaidi, na yule mama angepata wasaa, nani ajuaye angefanya nini. Wasaa ni haki ya kudaiwa, si zawadi ya wenye bidii, na asiyeupata asiambiwe hana nia. Wakati tunaudai, kesho kuna watu wa kulishwa. Nalowesha maharagwe, kisha nafungua kurasa za nyuma.