Samaki Wasiotafutwa Ni Mali ya Nani?

Kitu alichokipata mtu kwa jasho lake, wote hukubali ya kuwa ni chake. Lakini kitu kinachomjia bila kukitafuta, je, nacho ni chake? Wengi hujibu upesi: "Nimekipata, basi ni changu." Jibu hilo ni jepesi mno, nalo limewapoteza watu wengi. Yafaa lipimwe vema. Na mahali pazuri pa kulipimia ni ziwa Tanganyika, maana huko mvuvi hushusha wavu wake gizani, asijue utapanda na nini.

Ufikiriwe mfano wa jamaa moja ya wavuvi, katika pwani iliyo kati ya Kalemie na Moba. Baba, mdogo wake na watoto wawili wa kiume wanatoka jioni kutafuta ndakala. Mwezi haupo angani. Hiyo ndiyo saa njema, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi nguvu ya taa hupungua na samaki hutawanyika. Mtumbwi si wao. Ni wa mjane jirani yao, nao wamepatana kumpa kikapo kimoja cha ndakala katika kila vikapo vinne. Wanawasha taa, wanangoja kimya, kisha wanauinua wavu. Tazama, ndakala ni wachache, bali mikebuka wakubwa ni wengi!

Jambo hilo lina sababu yake. Usiku vidudu vidogo vya majini hupanda karibu na uso wa maji. Ndakala huvifuata ili wavile, na mikebuka huwafuata ndakala ili wawale. Mvuvi aliwaita ndakala, nao ndakala wakawaita mikebuka. Basi sehemu kubwa ya bahati ile haikutoka katika akili ya mvuvi. Aliipokea tu.

Hapo mdogo wake baba anasema: "Kaka, mjane tulimwahidi ndakala. Mikebuka hatukuitaja. Tumpe ndakala wake, na hawa wengine ni wetu."

Je, anasema kweli? Kwa maneno ya mapatano, labda. Kwa maana yake, hapana. Mjane hakuazima mtumbwi kwa aina moja ya samaki. Aliuazima kwa kazi ya usiku mzima. Mtumbwi uleule ulioelea juu ya ndakala ndio uliowabeba mikebuka. Zaidi ya hayo, kama dhoruba ingaliuvunja juu ya mawe, hasara ingalikuwa ya nani? Ya mjane. Basi mtu aliyeshiriki hatari haifai anyimwe sehemu ya heri. Baba akiwa mwenye haki atahesabu mikebuka kama alivyoahidi kuhesabu ndakala: mmoja katika kila wanne.

Sasa yafuata neno gumu zaidi. Karibu na mapambazuko, kafi ya kijana inakwama katika kamba. Ni wavu wa mtu mwingine, umekatika, unachukuliwa na ule upepo mkali wa kusini unaovuma wakati wa kiangazi. Ndani yake wamo samaki wengi, wabichi bado. Hakuna mtu anayeonekana. "Ziwa limetupa," asema tena yule mdogo.

Imempasa mtu kutofautisha mambo mawili. Samaki anayeogelea huru hana bwana ila Muumba wake, naye huwa mali ya yule anayemkamata. Lakini samaki aliye katika wavu amekwisha kukamatwa. Mikono ya mtu imemfanyia kazi, ingawa mikono hiyo iko mbali. Na wavu uliopotea si wavu uliotupwa. Mwenye kutupa kitu ameuondoa moyo wake kwacho. Mwenye kupoteza anakililia. Amri ya saba haikatazi tu kukinyakua kitu mkononi mwa mwenzako. Inakataza pia kukificha kitu ambacho dhamiri yajua ya kuwa ni cha mwingine.

Mtu atauliza: "Je, samaki waoze basi, ili haki itimizwe?" La, haki haitaki upumbavu. Samaki wataoza kabla ya jioni, lakini fedha haziozi. Baba aulete wavu pwani, awaanike samaki au awauze mbele ya mashahidi, aweke fedha, kisha atangaze habari katika kila kijiji cha wavuvi kilicho jirani. Mwenyewe akija na kuzitaja alama za wavu wake, apewe wavu na fedha. Naye aliyeuokoa anaweza kupokea malipo ya haki kwa taabu yake. Na kama mwenyewe hapatikani hata baada ya kutafutwa kwa bidii? Baba awaendee wazee wa kijiji waamue pamoja naye, wala asijihukumie peke yake, maana mwenye tamaa ni hakimu mbaya wa shauri lake mwenyewe.

Tena liko jambo lililo kubwa kuliko samaki. Hakuna mvuvi awezaye kukesha juu ya nyavu zake zote. Anaposhusha wavu na kurudi nyumbani, mlinzi wake ni moyo wa jirani tu. Moyo huo ukiharibika, kila mtu ataogopa kila mtumbwi unaopita. Na wale vijana wawili waliomo mtumbwini wanatazama. Wakiona baba anaficha, watajua ya kuwa haki ni neno la mchana tu.

Injili yasimulia ya kuwa Simoni Petro alivua usiku kucha bila kupata kitu, kisha wavu wake ukajaa hata ukakaribia kupasuka. Hakuwaficha wenzake; aliwaita waje na chombo chao, na vyombo vyote viwili vikajaa. Basi mtu akijaliwa asichokitafuta, kabla ya kuhesabu samaki na ajiulize: Nani ameshiriki hatari yangu? Tena, yuko nani anayekililia kitu hiki?

Maswali ya kufikiri

1. Kwa nini haki ya mjane yafika hata kwa mikebuka ambao hawakutajwa?

2. Kitu kilichopotea na kitu kilichotupwa vyatofautianaje?

3. Mtu akiokota mbuzi, jembe au fedha njiani, imempasa afanye nini?