Chumvi Tuliyokuwa Nayo

Kwa miaka mitatu nililipa kodi ya bedsita yangu pale Roysambu kwa kuandika kuhusu safari ambazo sikuwahi kuzifanya. Wateja wangu walikuwa wa ng'ambo, wenye tovuti za watu wanaozurura mashambani kwa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Leo naandika Uskoti, kesho Ufaransa, na mimi hata paspoti sina.

Ukiandika kitu mara mia, kinakuingia. Nilijua kwamba sheria ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea na hata kupiga hema karibu popote mashambani, lakini haki hiyo haimfuniki aliye ndani ya gari. Nilijua kwamba tangu barabara ya kitalii ya North Coast 500 izinduliwe 2015, kilomita kama 830 za kuzunguka kaskazini, wanavijiji wamelalamika kuhusu magari-nyumba yanayoziba vibarabara vyao vyembamba, na watu wanaomwaga vyoo pasipofaa. Kwa hivyo kila makala yangu iliishia na ushauri uleule: njoo na kila kitu chako, usimsumbue mtu, ondoka kama hukuwahi kufika.

Niliuamini ushauri huo. Kumbuka, sikuwa nimewahi kuujaribu.

Nafasi ikaja mwaka jana. Rafiki yangu ambaye ni fundi alinunua nissan iliyostaafu kazi ya matatu. (Ilikuwa Toyota, lakini si unajua sisi, kila gari la watu kumi na wanne ni nissan.) Aling'oa viti, akapiga kitanda cha mbao, akaweka meko ya gesi, mitungi minne ya maji ya lita 20, betri na sola. Akaniuliza tuende wapi. Nikasema popote ambapo watu hawaendi.

Watu wa Nairobi wakishuka Mombasa hupita Voi macho yakiwa Tsavo, wakitafuta ndovu. Wachache hukata kulia. Sisi tulikata, tukashika barabara ya Taveta hadi Mwatate, tukaacha mkonge na joto huko chini, tukapanda kona baada ya kona hadi Wundanyi. Bana, hiyo ni nchi nyingine. Ukungu asubuhi, matuta ya mashamba yamepangwa mlimani kama ngazi, na Vuria juu ya yote, zaidi ya mita 2,200. Vipande vya msitu vilivyobaki kule ni vidogo, lakini vina ndege wawili, apalisi wa Taita na kurumbiza wa Taita, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kabichi na sukuma unazokula Mombasa, nyingi zimetoka kwenye ngazi hizo.

Tuliegesha kwenye uwanja wa kanisa, kwa ruhusa ya mzee wa kanisa. Tulikuwa na maji, chakula, stima, kitanda. Choo tulitumia cha kanisa, lakini hicho tulikihesabu kuwa cha Mungu.

Jioni ya kwanza akaja nyanya mmoja, jirani wa kanisa, amebeba hotpoti iliyofungwa kwa leso. Alituletea kimanga, chakula cha Wataita cha kupondwa, muhogo na maharagwe, bado kinatoa mvuke. Na mimi, kwa ile sauti yangu ya makala, nikamwambia, "Asante sana nyanya, lakini usijisumbue. Tuko na kila kitu."

Akaangalia meko. Akaangalia mitungi, na taa yetu ya sola.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, nyanya."

"Haya. Basi hamna haja na mtu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, akachukua hotpoti yake akaenda. Rafiki yangu alinitazama kwa muda. "Bro," akasema, "umefanya nini?"

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa na majibu, na mpaka leo sidhani yalikuwa ya kijinga. Nani asiyemjua yule mgeni wa mjini anayefika ushago mikono mitupu, anachinjiwa kuku wa mwisho, anasifu hewa safi, kisha anaondoka na gunia la ndizi? Kukataa kumla maskini ni haki. Kama nina chakula changu, kwa nini nipunguze cha nyanya wa miaka sabini? Na wale wanavijiji wa Uskoti walilalamika kwa sababu nzuri. Kijiji kinaweza kuchoshwa na wageni hadi kikachukia mlio wa injini.

Lakini angalia nilichofanya. Makala zangu zilikuwa na kanuni ya kutodhuru, nikaigeuza kuwa kanuni ya kutohitaji. Hizo si kitu kimoja. Mtu anaweza kukaa siku tano bila kuchafua mto, bila kukanyaga shamba, bila kumaliza kuku wa mtu, na bado akamwambia mwenyeji kwa vitendo: wewe ni sehemu ya mandhari. Ndege, ukungu, nyanya. Nilikuja kuviona vyote, na hakuna hata kimoja kinachonidai.

Kiswahili chetu kilishalifikiria jambo hili kabla ya gari-nyumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza inasema mgeni analeta kitu. Ya pili inasema asizoee. Ukiziweka pamoja unapata mkataba mzima: pokea, kisha fanya kazi. Hakuna methali ninayoijua inayosema mgeni mwema ni yule asiyegusa mlango. Hata Wafaransa niliokuwa nawaandika wana kitu cha aina hii. Tangu 1993 kuna mpango wa France Passion, ambapo wakulima huwaruhusu wenye magari-nyumba kulala bure kwenye mashamba yao. Mgeni halazimiki kununua kitu, lakini anatarajiwa kwenda kumsalimu mwenyeji. Nilikuwa nimeliandika hilo mara nyingi, nikalipita kama maelezo ya maegesho.

Asubuhi nilienda kwa nyanya. Sikujua niseme nini, kwa hivyo nikasema uongo. "Nyanya, kwawuka. Naomba chumvi, yetu imeisha."

Akanipa chumvi kwenye kikaratasi. Akanipa na kiti. Akaniuliza kwetu ni wapi, na wazazi wako hai, na mbona hatujaoa. Siku ya tatu nilikuwa shambani kwake nikibeba kabichi hadi barabarani zikangoje pikapu ya Mombasa, na ile hotpoti ikarudi, na tukaimaliza. Jioni alikuja kuona nyumba yetu ya magurudumu kwa ndani. Akashika mkebe wa chumvi uliojaa, akautikisa sikioni.

"Chumvi mlikuwa nayo."

Nikakosa pa kuangalia. Akacheka hadi akashika mlango wa nissan.

Rafiki yangu anasema ile chumvi ilikuwa uigizaji, na kwamba uhitaji wa kujifanya ni dharau ya aina nyingine. Nimelifikiria sana hilo. Kama ningekuwa naomba ili nyanya ajione mkubwa, angekuwa sahihi. Lakini nilikuwa na haja ya kweli, ila haikuwa ya chumvi, na sikuwa na jina la kuiombea. Chumvi ndiyo neno nililolipata.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka. Kwa nini nilitaka kwenda ushago wa watu wengine?

Kwetu ni Malava. Nilipoitwa chuo, kijiji kilifanya harambee. Kuna mama alitoa jogoo akanadiwa. Kuna mzee wa bodaboda alitoa mapato ya siku nzima, akayahesabu mbele ya watu, sarafu kwa sarafu. Mwaka wa tatu nikaacha chuo. Ningependa kusema ni karo. Karo ilikuwa shida, lakini pia niliacha kwenda darasani muda mrefu kabla pesa hazijaisha. Tangu hapo sijarudi nyumbani, isipokuwa mazishi mawili, asubuhi kwenda na usiku kurudi. Mjomba akipiga simu nasema niko sawa. Akitaka kunitumia pesa nasema niko na kila kitu.

Kumbe nimeishi ndani ya gari-nyumba tangu siku ile. Maji yangu, jiko langu, taa yangu, na mlango unaofungwa kwa ndani. Niliita hiyo kujitegemea, na kwa sehemu ni kujitegemea kweli. Hakuna aibu kulipa kodi yako mwenyewe. Lakini Taita palinipendeza kwa sababu hakuna mtu kule aliyetoa jogoo kwa ajili yangu. Utulivu niliokuwa nautafuta ulikuwa wa mahali nisipodaiwa.

Nadhani hilo ni swali ambalo kila anayepanga safari ya kutoroka kelele anaweza kujiuliza, hata kama hana gari. Je, unatafuta mahali patulivu, au mahali ambapo hakuna anayekujua vya kutosha kukudai?

Deni la harambee siwezi kulilipa. Halikuandikwa popote, na aliyetoa jogoo hangoji jogoo. Nadhani anangoja nifike, niketi, niulizwe maswali, na siku ya tatu nipewe jembe. Hilo ndilo linaloniogopesha, na ndilo ninaloweza.

Rafiki yangu amekubali kuniazima nissan Desemba. Nimemwambia atoe meko na mitungi.